Lari Ikitazamwa Kutoka Matinyani

Usiku wa Alhamisi, tarehe 26 Machi 1953, wapiganaji wa Mau Mau walishambulia mahali pawili kwa wakati mmoja. Naivasha, kundi la watu wapatao 80 likiongozwa na Mbaria Kaniu liliingia kituo cha polisi, likachukua bunduki 47 na shehena ya risasi, likawafungua wafungwa 173, kisha likatokomea gizani. Lari, juu ya ukingo wa Bonde la Ufa katika Kiambu, makundi mengine yalizingira maboma ya chifu wa zamani Luka Wakahangara pamoja na ya jamaa na wafuasi wake, yakayatia moto, na waliojaribu kutoka wakakatwa kwa mapanga. Serikali ilihesabu maiti 74, wengi wao wanawake na watoto. Kwa kipimo cha kijeshi, Naivasha ndiyo iliyokuwa pigo kubwa: silaha zilipatikana, na dola iliaibika. Hata hivyo Lari ndiyo iliyovipa vita sura mpya. Kabla ya usiku ule, wanavijiji wengi wa Kiambu, Murang'a na Nyeri waliweza kukaa katikati, mchana wakimwitikia chifu na usiku wakila kiapo. Baada yake nafasi hiyo ya katikati ilizibwa, homugadi, yaani walinzi wa vijiji wa upande wa serikali, wakaongezwa na kupewa bunduki zaidi, na vita dhidi ya Waingereza vikawa pia, kwa kiasi kikubwa, vita vya wenyewe kwa wenyewe.

Kwa miaka 70 wanahistoria wamelirudia tukio hili, na kila kizazi kimelisoma upya. Ninalotaka kulitetea hapa ni kwamba usomaji huo, pamoja na uzuri wake, umefungiwa ndani ya mipaka ya nchi ya Wagikuyu, na kwa hiyo umekosa kipimo ambacho kingeuthibitisha. Kipimo hicho kipo ng'ambo ya uwanda wa Yatta, katika maeneo kama Matinyani, Kauwi na Mutonguni, magharibi ya mji wa Kitui, katika nchi ya Wakamba. Huko pia kulikuwa na kodi, kipande, njaa, hasira na viapo. Hakukuwa na Lari. Mtu anayetaka kujua Lari ilitokana na nini hana budi kueleza kwa nini haikutokea Kitui.

Tuanze na masimulizi ya kwanza, kwa sababu hayajafa. Serikali ya Gavana Evelyn Baring iliwapeleka waandishi wa habari Lari wakati moshi ungali unafuka, na picha za maiti zikasambazwa duniani kote kama ushahidi kwamba Mau Mau ni kurudi kwenye ushenzi. Mwaka 1954 daktari wa magonjwa ya akili J. C. Carothers aliandika kijitabu kuhusu saikolojia ya Mau Mau, akiueleza uasi kuwa ugonjwa wa watu waliopoteza mila zao bila kuzipata za wengine. Ripoti ya Frank Corfield ya 1960 ilipita njia hiyo hiyo. Baada ya uhuru, waandishi wa mkondo wa kizalendo waliligeuza simulizi: Mau Mau ni sura ya harakati za taifa, na Lari ikawa doa la kupitwa haraka. Pande zote mbili, kwa namna zao, zilikwepa swali rahisi kabisa: kwa nini Luka, na kwa nini Lari? M. P. K. Sorrenson, akiandika mwaka 1967 kuhusu mageuzi ya ardhi, alielekeza kidole mahali panapostahili. David Anderson, katika kitabu chake cha 2005 kilichojengwa juu ya majalada ya kesi za Mau Mau, alilifungua jambo hilo kwa kina ambacho hakijawahi kufikiwa na mwingine. Naye Daniel Branch, mwaka 2009, akalitumia neno vita vya wenyewe kwa wenyewe waziwazi, akifuata njia iliyokuwa imechongwa na Bethwell Ogot mwaka 1972 alipowachunguza wale walioitwa watiifu kama watu wenye sababu zao, badala ya kuwaita vibaraka na kuishia hapo.

Jibu la kwa nini Luka lipo Tigoni. Hiki kilikuwa kipande cha ardhi ya Waafrika kilichobaki kama kisiwa katikati ya mashamba ya walowezi huko Limuru, na walowezi walikitaka. Tume ya Ardhi ya Kenya iliyoongozwa na Morris Carter, iliyoundwa mwaka 1932, ilipendekeza kisiwa hicho kifutwe, na wenyeji wake wapewe ardhi kwenye eneo la msitu huko Lari, mahali pa baridi kali na ukungu, kama badala. Wenyeji walikataa. Kuacha Tigoni kulikuwa kuacha makaburi ya wazee na madai ya mbari, yaani ukoo, yaliyothibitishwa kwa vizazi. Lakini kufikia mwishoni mwa miaka ya 1930 Luka, aliyekuwa miongoni mwa viongozi waliopinga, alikubali kuhama. Yeye na waliomfuata walipata mashamba Lari. Waliosimama kidete waliondolewa kwa nguvu, na wengi hawakupata kitu cha maana, hasa ahoi, yaani wapangaji waliolima kwa hisani ya wenye mbari na ambao serikali haikuwahesabu kuwa na haki yoyote ya kufidiwa. Kwa hiyo katika miaka ya 1940 Lari ilikaliwa na watu wa aina mbili waliojuana kwa majina: waliohama na kufaidika, na waliohamishwa na kupoteza. Waliofaidika ndio waliopewa uchifu, na mwaka 1953 ndio waliopewa bunduki za homugadi.

Namna shambulio lenyewe lilivyofanywa inaonyesha kwamba halikuwa wazimu. Siku ile askari wa doria wa homugadi walivutwa kwenda mbali na vijiji vyao, kuchunguza mauaji ya mtu wa upande wao. Walipotazama nyuma waliona miali ya moto ikipanda kutoka kwenye maboma waliyoyaacha. Kikosi cha Keya (King's African Rifles) kilichokuwa jirani kilikuwa kimehamishiwa Athi River, kwa hofu kwamba kambi ya mahabusu ya huko ingeshambuliwa. Kamba zilizungushiwa nyumba ili milango isifunguke, ndipo mapaa ya nyasi yakawashwa. Nyumba zilizochomwa zilichaguliwa. Nyingine karibu nazo ziliachwa. Walionusurika walipofika mbele ya mahakimu waliwataja washtakiwa kwa jina, kwa ukoo na kwa shamba walilotoka, kwa kuwa walikuwa majirani zao. Usiku ule ule na siku zilizofuata, homugadi, polisi na askari wa Keya wakafanya mauaji ya kulipiza, na hayo hakuna mwandishi wa habari aliyepelekwa kuyapiga picha. Hesabu yake haikuwekwa kama ile ya kwanza. Makadirio ya waliouawa katika matukio yote mawili hufika hadi 400. Walioshtakiwa kwa mauaji ya kwanza walikuwa mamia, na 71 kati yao walinyongwa. Kwa mauaji ya pili hakunyongwa mtu.

Wapo wanaosema kwamba kueleza hivi ni kuhalalisha. Mtoto aliyeungua ndani ya nyumba hakuuza Tigoni, na hakuna hoja ya ardhi inayoweza kumfanya awe adui. Nakubaliana nao kabisa juu ya mtoto huyo. Ninachokataa ni wazo kwamba heshima kwake inatudai tusiulize. Serikali ya kikoloni iliitumia heshima hiyo hiyo kufunika watu wengine waliokufa saa chache baadaye. Pingamizi zito zaidi linahusu ushahidi: majalada ya kesi yaliandikwa na mahakama za dharura, huku washtakiwa wengi wakidai waliteswa ili wakiri. Kukiri kwao, basi, hakufai kujengewa chochote. Lakini habari za Tigoni hazitegemei kukiri kwa mtu yeyote. Zimo katika barua za maofisa wa wilaya, katika mapendekezo ya tume, katika malalamiko yaliyotumwa miaka 10 na zaidi kabla ya Hali ya Hatari kutangazwa Oktoba 1952. Maandishi yaliyotangulia tukio hayawezi kuwa yametungwa ili kulieleza.

Sasa twende Kitui. Ikiwa kiapo ndicho kilichowageuza watu kuwa wauaji, kama Carothers na Corfield walivyotaka tuamini, basi Ukambani ungepaswa kuwaka kabla ya Kiambu. Wakamba walikuwa na kithitu, kiapo kilichoogopwa kuliko mahakama yoyote ya serikali, kilichotumika kumaliza kesi za wizi, za mauaji na za mipaka ya mashamba. Mtu aliyeapa uongo juu ya kithitu aliaminika kuwa ameuita msiba juu ya ukoo wake mzima. Kiapo cha Mau Mau nacho kilifika kwa Wakamba, hasa Nairobi, na Paul Ngei, Mkamba wa Machakos, alikuwa mmoja wa wale 6 waliohukumiwa Kapenguria pamoja na Jomo Kenyatta. Vifaa vya kiapo, woga wa kiapo na viongozi wa siasa vyote vilikuwepo. Kwa hiyo kiapo peke yake hakielezi kitu. Kilikuwa njia ya kuwafunga watu pamoja. Sababu ya kuwafanya watake kufungwa pamoja ilitoka kwingine.

Maofisa wa kikoloni walikuwa na jibu tayari, nalo bado linasikika katika mazungumzo ya siasa za leo: Mkamba kwa asili yake ni askari mtiifu. Kwa kweli kabla na baada ya Vita vya Pili vya Dunia Wakamba walikuwa wengi mno katika Keya ukilinganisha na idadi yao nchini, na pia katika polisi. Lakini utiifu wa asili ni hadithi inayovunjwa na rekodi za serikali yenyewe. Mwaka 1938, serikali ilipoanza kuuza kwa lazima ng'ombe wa Wakamba wa Machakos, kwa kisingizio cha kuponya udongo na kwa faida ya kiwanda cha nyama cha Liebig's huko Athi River, maelfu ya watu wakiongozwa na Muindi Mbingu wa Ukamba Members Association waliandamana hadi Nairobi, wakakaa huko kwa majuma kadhaa wakidai kuonana na gavana. Muindi Mbingu alihamishwa kwa nguvu hadi Lamu, lakini mnada wa lazima ukasimamishwa. Serikali ilirudi nyuma kwa sababu moja kubwa: ilihofia askari wake. Mwanahistoria Myles Osborne ameonyesha kwamba hofu hiyo ilirudi kwa nguvu mara baada ya Hali ya Hatari kutangazwa. Mkamba akigeuka, Keya inageuka. Ndiyo maana fedha na miradi ya maendeleo vilielekezwa Ukambani katika miaka ileile ambayo Wagikuyu walikuwa wakizungushiwa nyaya za miba. Utiifu ulikuwa mapatano, na Wakamba walijua bei yake.

Mapatano hayo, hata hivyo, yanaeleza kwa nini Wakamba wengi hawakuingia msituni kupigana na serikali. Hayaelezi kwa nini hawakuchinjana wao kwa wao, na hapa ndipo Kitui inapofaa kuliko Machakos. Katika Kitui, ardhi ilishikwa kwa namna tofauti na Kiambu. Familia ilikuwa na ng'undu, shamba lililolimwa na kurithiwa. Ilikuwa na kisesi, eneo la malisho ambalo mtu alidai kwa kulitumia. Zaidi ya hapo kulikuwa na weu, nyika iliyo wazi kwa wote, ambayo kijana asiye na shamba aliweza kuiingia, kuifyeka na kuifanya yake. Maisha yalikuwa magumu. Mvua ilikosekana, na mwaka wa njaa ulimfukuza mtu hadi sehemu za mbali kutafuta chakula. Lakini ugumu huo haukutoka kwa jirani. Hakukuwa na tabaka la ahoi wanaolima kwa hisani ya chifu kisha kufukuzwa siku chifu anapofunga mkataba. Walowezi hawakuja kujipangia mashamba Matinyani, ukame uliwakataza. Kwa hiyo serikali haikuwa na sababu ya kumwondoa mtu mmoja ili kumpa mwingine.

Msomaji makini atasema nimeruka jambo. Wakamba walipoteza ardhi: vilima vya Mua huko Machakos vikawa vya walowezi, na uwanda wa Yatta, malisho ya jadi yaliyo kati ya Machakos na Kitui, ukafanywa ardhi ya serikali na mifugo ikawekewa masharti. Upande mwingine, Nyeri ilipoteza ardhi kidogo kuliko Kiambu, lakini ikatoa wapiganaji wengi mno. Kama ardhi ndiyo kiini, hesabu haikai sawa. Pingamizi hili ni la haki, na kulijibu kunanilazimu nisitosheke na kusema ardhi. Kiasi cha ekari zilizopotea hakitabiri mauaji ya ndani. Kinachoyatabiri ni nani aliyezipata, au nani aliyenufaika zilipopotea. Yatta haikugawiwa mzee wa Kikamba kama thawabu ya kukubali. Mua haikumtajirisha chifu mmoja huku majirani zake wakibaki bila kitu. Hata mwaka 1938, ng'ombe waliochukuliwa walikwenda kiwandani, hawakuingia katika zizi la jirani. Hasira ya Mkamba, basi, ilipanda kwenda juu, hadi Nairobi kwa gavana. Hasira ya watu wa Tigoni ilikuwa na anwani ya karibu, nyumba kadhaa tu mbele. Nayo Nyeri, kama John Lonsdale alivyoeleza, iligawanywa na ugomvi wa ndani kati ya wazee wenye mali waliowabana vijana wao na vijana hao wasioweza tena kupata shamba, kuoa na kuheshimiwa kama watu wazima. Ekari zilikuwa chache, lakini aliyenufaika alionekana kwa macho.

Mshahara wa Keya lazima uhesabiwe pia. Kijana wa Kitui ambaye angeweza kukosa mahari alipata jeshini njia ya kuwa mtu mzima bila kumvua baba yake au mjomba wake kitu. Hii ilipoza ugomvi wa vizazi ambao katika Nyeri ulikuwa umefika ukingoni. Wapo watakaoona kwamba jambo hili linadhoofisha hoja ya ardhi. Naona linaikamilisha: mlango uliofunguliwa kwa mmoja ulikuwa umefungwa kwa mwingine, na aliyeushika ni dola ile ile.

Hapo ndipo linapokuja pingamizi kubwa kuliko yote, lile la wanaokataa neno vita vya wenyewe kwa wenyewe. Wanasema, na wana sababu, kwamba neno hilo linamnawisha mkoloni mikono: linavigeuza vita vya ukombozi kuwa fujo za Waafrika, na kumfanya Mwingereza msuluhishi aliyejikuta katikati. Caroline Elkins, aliyeandika juu ya kambi za vizuizi na vijiji vya kulazimishwa, ametuonyesha ukubwa wa kinachoweza kufichwa na maneno ya namna hiyo. Lakini ukisoma Lari pamoja na Kitui, neno hilo hukosa uwezo wa kumsafisha mkoloni. Vita vya ndani vilizuka mahali ambapo serikali ilichukua, ikagawa, ikamteua mmoja na kumnyima mwingine, kisha ikampa aliyeteuliwa bunduki. Mahali ambapo haikugawa kwa namna hiyo, vita vya ndani havikuzuka, hata kama watu walikuwa maskini zaidi. Mkoloni hakujikuta katikati. Alichora mstari na kuwapanga watu pande zake. Na baada ya Lari alizidi kuuchora: walioitwa watiifu walipewa vyeti, wakatangulizwa katika ugawaji na upimaji wa ardhi chini ya Mpango wa Swynnerton wa 1954, na katika uchaguzi wa 1957 haki ya kupiga kura kwa Wagikuyu, Waembu na Wameru ikategemea kuwa na cheti hicho. Tigoni ilirudiwa kwa ukubwa wa mkoa mzima.

Kuna gharama ya kuiacha Kitui nje ya historia hii. Askari wa Keya waliotumwa milimani na vijijini walitoka kwa wingi Ukambani, na Keya ilikuwa na sehemu yake katika mauaji ya kulipiza yaliyofuata Lari. Juni 1953, askari wa batalioni ya tano ya Keya, wakiwa chini ya maofisa Waingereza, waliwaua watu wapatao 20 huko Chuka, ng'ambo ya mto Tana kutoka Kitui, baadhi yao wakiwa homugadi wa upande wa serikali. Majalada yalifungwa. Historia ya familia za Kitui zilizoishi kwa mishahara ya askari hao, jinsi habari zilivyowafikia, na wazee na wake zao walivyozipokea, haijaandikwa kwa umakini uliotumika kuandika habari za mbari za Kiambu. Vitabu vya Lari vinamtaja askari wa Keya kama sare inayopita. Kijiji alikotoka hakimo.

Mwaka 2009, wazee 5 waliishtaki serikali ya Uingereza mjini London kwa mateso waliyopata kizuizini. Kesi hiyo ndiyo iliyoilazimisha Uingereza, mwaka 2011, kukiri kwamba ilikuwa imeficha Hanslope Park maelfu ya majalada yaliyohamishwa kutoka makoloni yake, na mwaka 2013 kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228. Jalada la kesi linaanza kwa jina la Ndiku Mutua, na mwenzake mmoja aliitwa Paulo Muoka Nzili. Majina yote mawili ni ya Kikamba. Watu hao waliteseka kwa tuhuma ya Mau Mau huku kabila lao likisifiwa katika ripoti za wilaya kwa utiifu wake. Ripoti hizo za Kitui na Machakos zimo katika Nyaraka za Taifa jijini Nairobi, na yale majalada yaliyofichwa yamefunguliwa Kew, London. Kazi ya kuzisoma pamoja, Kiambu na Kitui zikiwa mezani kwa wakati mmoja, bado inamngoja mwanahistoria atakayejua maana ya weu kama Anderson alivyojua maana ya Tigoni.